Globu za LED Kwenye Breki na Indiketa: Ukali au Tofauti?



Nimeombwa nizungumzie kama inafaa kung'oa globu za kawaida za breki na indiketa na kuweka za LED. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila kwa sharti ambalo maduka mengi ya spea hayalitaji. Taa kubwa za mbele kazi yake ni kummulikia dereva njia, na hapo ukali wa mwanga una maana yake. Taa ya breki haimmulikii mtu kitu. Kazi yake ni kumwarifu aliye nyuma kwamba hali imebadilika: gari lililokuwa likienda sasa linapunguza mwendo, lililokuwa limenyooka linataka kukata kona. Jicho linanasa badiliko hilo kwa kulinganisha kinachoonekana sasa na kilichoonekana punde tu. Kwa hiyo kila globu mpya tuipime kwa swali moja: imeongeza tofauti kati ya taa iliyowaka na taa iliyozimika, kati ya breki na taa ndogo, kati ya nyekundu na ya machungwa, au imeipunguza? LED inaweza kufanya lolote kati ya hayo, na sanduku lake halikuambii litakalotokea.

Tuanze na faida, maana ipo na ni ya kweli. Globu ya kawaida inawaka kwa kuchemsha uzi mpaka ung'ae, na uzi huo unahitaji muda. Globu ya breki ya wati 21 huchukua karibu moja ya tano ya sekunde kufikia mwanga wake wa kawaida, wakati LED inawaka papo hapo. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde, hivyo moja ya tano ya sekunde ni zaidi ya mita nne, yaani karibu urefu mzima wa gari dogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipopima jambo hili mapema miaka ya 1990, walikuta watu wanaitikia taa ya breki ya LED mapema kuliko ya uzi, kwa zaidi ya moja ya kumi ya sekunde. Hata hivyo tusiishie maabara. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipochambua kumbukumbu za ajali ili kuona kama magari yenye breki za LED yanagongwa kwa nyuma mara chache zaidi, matokeo yalichanganyika na hayakutoa hukumu ya wazi. Kati ya mita nne za kwenye hesabu na ajali iliyoepukwa barabarani kuna mambo mengi, na mojawapo ni kama dereva wa nyuma aliielewa ishara.

Historia ya taa ya tatu ya breki, ile ya katikati kwenye kioo cha nyuma, inatufundisha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia John Voevodsky alifunga taa ya ziada ya breki kwenye teksi za San Francisco, na teksi hizo zikagongwa kwa nyuma pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko zile zisizo nayo. Marekani ikailazimisha taa hiyo kwenye magari madogo kuanzia toleo la 1986. Miaka ilivyopita na kila gari likawa nayo, mamlaka ilipima tena ikakuta faida ya kudumu ni asilimia 4.3. Sehemu kubwa ya ile faida ya mwanzo ilikuwa ugeni wa jambo, macho yakazoea. Kilichobaki baada ya mazoea ni kidogo lakini ni cha kweli, na kwa maoni yangu kilibaki kwa sababu taa ile haina kazi nyingine. Haiwaki pamoja na taa ndogo, haipepesi pamoja na indiketa. Ikiwaka, ni breki. Anayeuza globu za LED kwa hoja kwamba "zinavuta macho" anauza ule ugeni, na ugeni una mwisho wake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, na naomba tukae hapo kidogo. Magari mengi tunayohudumia yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengi yana globu moja yenye nyuzi mbili inayofanya kazi ya taa ndogo na ya breki, iwe ya soketi ya kuchomeka au ya vipini. Uzi mmoja ni wa wati 5, mwingine wa wati 21. Kwa wati unaweza kudhani breki inazidi taa ndogo mara nne tu. Kwa mwanga sivyo: ile ya vipini hutoa takriban lumeni 35 kwa uzi mdogo na takriban 440 kwa mkubwa, zaidi ya mara 12. Pengo hilo ndilo linalomfanya dereva wa nyuma usiku ajue mara moja kwamba umekanyaga breki. Kanuni za kimataifa na za Marekani zinataka breki izidi taa ndogo angalau mara tano pale zinapotumia nafasi moja. Sasa chukua globu ya LED ya bei rahisi, iliyojaa chipu pande zote, uiwashe kwenye taa ndogo: tayari ni nyekundu kali ya kuumiza. Kanyaga breki, na inaongezeka kidogo tu, kwa sababu mtengenezaji ameweka nguvu kubwa kwenye hali zote mbili ili mteja aifurahie dukani. Mchana taa ndogo zikiwa zimezimwa hutaona kasoro yoyote. Tatizo linaanza saa moja jioni kwenye foleni ya Morogoro Road, au usiku nyuma ya lori linaloshuka mteremko. Gari linaonekana limekanyaga breki muda wote, na kwa aliye nyuma hiyo ni sawa na gari lisilo na breki kabisa.

Rangi nayo ina hesabu yake. LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa njano, kwa hiyo haina wekundu mwingi. Kioo chekundu cha taa kazi yake ni kupitisha wekundu na kuzuia rangi nyingine. Ukiweka LED nyeupe nyuma yake, mwanga mwingi unazuiwa humo ndani, na kinachotoka ni chekundu kilichopauka chenye kuelekea waridi. Uzi wa globu ya kawaida una wekundu tele, ndiyo maana kioo kilekile kilikuwa kinatosha. Dawa ni rahisi: kioo chekundu kipewe LED nyekundu, cha machungwa kipewe ya machungwa. Umbo ni gumu zaidi. Kiakisi cha ndani ya taa kimechongwa kwa kudhani mwanga unatoka kwenye uzi mfupi uliokaa mahali maalumu, hivyo chipu zilizosambaa ubavuni mwa globu zinatoa doa kali katikati na giza pembeni. Ukisimama nyuma moja kwa moja unasifu. Ukisogea upande, pale anapokuwa mwendesha bodaboda anayepenya kati ya magari, taa imefifia. Kanuni za kimataifa zinataka breki ionekane mpaka nyuzi 45 kila upande, na hazikuwekwa kwa ajili ya anayesimama katikati.

Kwenye indiketa kasoro inajitokeza yenyewe, na tuishukuru kwa hilo. Flasha nyingi za magari yetu hupima mkondo wa umeme. Globu mbili za wati 21 na ile ndogo ya ubavuni zikiwaka pamoja zinavuta karibu ampea nne. Moja ikiungua, mkondo unashuka na flasha inaharakisha ili dereva ajue. LED inavuta kidogo sana, kwa hiyo flasha inaamini globu imeungua na kupiga haraka kama mara mbili ya kawaida. Flasha za zamani zinazotegemea bati linalopata moto hufanya kinyume chake: zinapepesa polepole, au taa inawaka na kuganda. Suluhisho linalopendwa ni rezista, ile ya dhahabu ya omu 6, inayofungwa sambamba na globu. Inafanya kazi kwa kula umeme uleule uliookolewa na kuugeuza moto, kiasi cha kuyeyusha plastiki au ganda la waya ikiachwa iegemee. Na inaleta hasara ambayo haitajwi: LED ikifa, rezista inaendelea kuvuta mkondo, flasha inaona kila kitu ni sawa, na dereva anaendesha bila indiketa huku dashibodi ikimwambia anayo. Mimi nashauri flasha ya elektroniki isiyotegemea mkondo, kwa gari ambalo flasha yake inachomoka. Hata kwa hiyo mteja aambiwe kwamba onyo la globu iliyokufa halipo tena. Pikipiki zenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi zina kioja chake: umeme mdogo unapita kwenye kile kiglobu hadi upande wa pili, na indiketa zote nne zinapepesa kama hazadi. Hapo diodi mbili zinamaliza kazi.

Wapo watakaosema ukali ni usalama, hasa kwenye jua letu la mchana ambapo taa za nyuma hazionekani vizuri. Pingamizi hili lina uzito kuliko mengine. Lakini taa iliyofifia mchana mara nyingi haikufifia kwa sababu ya globu. Mwanga wa uzi unashuka kwa kasi kuliko umeme unavyoshuka: ukipoteza asilimia 10 ya volti njiani, umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga; ukipoteza asilimia 20, umebaki na chini ya nusu. Ethi yenye kutu nyuma ya buti, soketi iliyoungua, kioo kilichochujuka kwa jua, kiakisi kilichokwisha mng'aro: hivyo ndivyo vinavyoiba mwanga. Dalili ya ethi mbovu kila fundi anaijua: ukikanyaga breki, indiketa nayo inawaka kidogo, au taa ndogo ya upande mmoja inazimika. Kuweka LED kwenye ethi ya namna hiyo ni kuongeza utata, maana LED inatosheka na umeme kidogo mno, na ule unaorudi kwa njia isiyo yake utaiwasha pale isipotakiwa kuwaka. Tupime volti kwenye soketi breki ikiwa imekanyagwa kabla ya kuuza globu ya aina yoyote.

Hoja ya kuokoa betri na mafuta nitaipita haraka. Globu mbili za breki ni wati 42 zinazowaka kwa sekunde chache, wakati alteneta ya gari dogo inaweza kutoa zaidi ya wati elfu moja. Hoja ya kudumu ni nzuri zaidi, kwa sharti kwamba LED yenyewe ni nzuri. Joto ndilo adui yake, na taa iliyofungwa bila hewa kwenye gari linaloegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa si mahali pa baridi. Isitoshe, uzi ukikatika taa inazimika moja kwa moja, lakini LED inaweza kufa chipu moja moja na kubaki nusu taa. Wengine huuliza mbona magari mapya yanatoka kiwandani na LED. Yanatoka na taa nzima iliyobuniwa kwa LED, pamoja na kiakisi, kioo na saketi yake. Ndiyo maana sheria za Ulaya zinaithibitisha taa pamoja na chanzo chake cha mwanga, na Ujerumani ilipoanza mwaka 2020 kuruhusu baadhi ya globu za LED kwenye taa za mbele za zamani, ruhusa iliandikwa kwa globu fulani na modeli fulani za magari zilizopimwa. Gari lililotoka kiwandani na LED halijibu chochote kuhusu globu ya mfukoni.

Breki zinazopepesa kama disko sizitetei. Kanuni za kimataifa zinaruhusu taa kupepesa haraka kwenye breki ya dharura, lakini gari liwe lilikuwa juu ya kilomita 50 kwa saa na linapunguza mwendo kwa nguvu kubwa. Inayopepesa kila mguu unapogusa pedali inatumia alama ya hatari kutangaza matuta.

Najua fundi hana uwezo wa kumkatalia mteja aliyekuja na globu zake mkononi. Lakini anaweza kufunga upande mmoja kwanza, akaacha wa pili na globu ya zamani, kisha akamwita mteja asimame hatua thelathini nyuma ya gari, halafu ubavuni: taa ndogo ziwashwe kwanza, ndipo breki ikanyagwe. Upande upi umeruka zaidi kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili? Mteja mwenyewe atajibu, na akijibu kwamba ni wa zamani, hakuna ubishi tena kuhusu bei. Kwa wakaguzi, mpangilio huohuo unafaa: kukagua breki taa ndogo zikiwa zimezimwa ni kukosa kasoro yote niliyoieleza. Indiketa zihesabiwe kwa nusu dakika. Kiwango cha kimataifa ni mipepeso 60 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo chini ya 30 au zaidi ya 60 katika nusu dakika, gari lirudi gereji kwanza.