Mgonjwa Wako Akitoka ICU

 Leo tunazungumza juu ya mtu aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, iwe Thika Level 5 au Kenyatta, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Majirani wanakuja kumwona, mnamshukuru Mungu, mnadhani ugonjwa umeisha. Kumbe bado. Katika wiki ya kwanza ya kuwa mahututi, misuli inaweza kupungua kwa karibu asilimia 2 kila siku. Ndiyo sababu mtu aliyekuwa akibeba mtungi wa maji sasa anashindwa kuinuka kitini. Usimwite mvivu. Aanze kwa kusimama akishika meza, mara chache asubuhi na jioni, halafu atembee hadi mlangoni, halafu hadi kwenye geti. Mkikaa ghorofani, asishuke ngazi peke yake. Mpe chakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji wa maziwa, mayai, ndengu, omena. Kama alitiwa mpira wa kupumulia kooni na sasa anapaliwa kila anapomeza, mwambie daktari.

Kinachotisha familia zaidi ni usiku. Anashtuka, anadai wauguzi walitaka kumwua, na asubuhi hakumbuki ulichomwambia jana. Hajarogwa, wala si majini. Ugonjwa mkali, dawa za kumlaza na kukesha kule wodini huvuruga akili. Mwaka wa 2012 wataalamu wa Marekani waliyapa matatizo haya ya mwili, kumbukumbu na hisia jina moja, ili madaktari wayatafute hata baada ya mgonjwa kwenda nyumbani. Usibishane naye. Mweleze polepole alilazwa lini, kwa nini, na nani walikuja kumwona. Akisema hataki kuishi, usingoje hata siku moja, mpeleke hospitali.

Sasa, ile karatasi ya kuruhusiwa. Wengi huiweka chini ya godoro pamoja na risiti. Itoe! Ndani ya wiki ya kwanza ipeleke kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na dawa zote, hata zilizobaki nusu. Uliza: ipi iendelee, na ipi ilikuwa ya wodini tu? Presha na sukari zipimwe tena lini? Usingoje kliniki ya hospitali kubwa ambayo huenda ikawa miezi mbele.

Akihema kwa shida, akipata homa, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akichanganyikiwa ghafla, ondokeni usiku huo huo.

Na wewe unayekesha, mwombe dada au jirani ashike zamu usiku mmoja kila wiki, ulale.