Elimu Iliyomo Katika Vichezeo vya Watoto

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Shangani, Mtwara)



Nitaanza kwa kukiri aibu. Miaka kadhaa iliyopita gari langu lilizama katika mchanga wa njia ya Msimbati. Mimi, mtumishi wa serikali mwenye shahada, nilikanyaga mafuta tu, na magurudumu yakazidi kujichimbia. Wakaja watoto wanne, hata darasa la tatu hawajafika. Walileta boriti ya mkoko, wakaweka gogo la mnazi chini yake, wakaning'inia wote kwenye ncha. Gari likainuka, tukasindilia makuti chini ya gurudumu, nikatoka.

Nikawauliza, "Mmefundishwa na nani?" Mmoja akajibu, "Hatukufundishwa, baba. Si bembea tu hii?"

Ndugu zangu, nilipokuwa shuleni nilikariri egemeo, mzigo na jitihada, nikapasi mtihani. Mimi nilikuwa na majina, wao walikuwa na kazi yenyewe. Ninachohofia ni kwamba wakifika darasani watapewa majina hayo bila kuambiwa kuwa ni bembea yao ileile, nao wataona sayansi ni mali ya wageni. Mwalimu Nyerere alituonya juu ya elimu ya vitabu vitupu katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967.

Basi tuanze na mchezo, jina lifuate. Mtoto wa kilo 20 akikaa meta 2 kutoka kwenye egemeo, atalingana na kaka yake wa kilo 40 aliyekaa meta 1. Wasogee wenyewe mbele na nyuma, kisha tuwaambie: huu ni wenzo. Gari la kopo lenye magurudumu ya kandambili, lichomoeni magurudumu, walivute sakafuni. Watasema wenyewe faida ya gurudumu. Ubao ulioegemezwa kizingitini ni mwinamo. Roda ya kupandishia tanga wameiona pwani.

Wadogo zangu wa kidato cha tatu na cha nne, nawaomba Jumamosi moja kila mwezi mwende shule ya msingi iliyo jirani. Chukueni ubao, gogo na kopo.

Nasi wazazi tusiwafokee watoto wanaookota kandambili zetu zilizokatika. Mimi niliwahi kulichoma gari la kopo la mwanangu nikiliita takataka. Niliporudi kutoka Msimbati nilimwomba radhi, tukatengeneza lingine pamoja.