Kazi Hailipiwi kwa Mwili
(Hotuba kwa wanachama, Kakamega)



Leo hatusemi juu ya nyongeza ya mshahara. Twasema juu ya mkubwa wa kazi anayemtaka mwanamke mwili wake ndipo ampe kibarua, zamu nyepesi au likizo. Wengi huliita jambo hili aibu ya wanawake. Sisi twasema ni shauri la chama, kwa sababu mtu anatozwa kwa kitu kilicho haki yake.

Kericho si mbali na hapa. Mwezi wa Februari 2023, wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai waliwaeleza waandishi wa BBC jinsi wasimamizi walivyowatendea. Walinyamaza kwa nini? Kwa kuogopa kukosa kazi, na watoto wanataka kula. Basi mwanamke akicheka kwa hofu, msiseme amekubali.

Shuleni ni vivyo hivyo. Mwalimu ana alama mkononi, mtoto hana kitu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yasema mwalimu akitumia cheo chake kumlaghai mwanafunzi alale naye, kifungo chake si chini ya miaka 10. Kwa hiyo wazazi, msikubali shauri hili limalizwe nyumbani kwa ng'ombe. Ng'ombe ataliwa, na mwalimu atarudi darasani kwa mtoto wa jirani.

Na kazini tuna silaha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamlazimu mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kutoa taarifa ya maandishi juu ya usumbufu huu, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wajumbe wao. Taarifa hiyo lazima ieleze malalamiko yapelekwe kwa nani, na kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa ovyo.

Kwa hiyo kila mjumbe aiombe karatasi hiyo ofisini. Kama haipo, tudai iandikwe, nasi tuwepo. Aliyesumbuliwa aandike siku, saa, maneno na aliyeona. Asiende ofisini peke yake, mjumbe amsindikize.

Sisi wa reli twajua kwamba taa nyekundu humsimamisha kila dereva, mzee wa kazi na mwanafunzi. Na mkubwa wa kazi naye asimame.

Umoja ni nguvu.