Mkaa wa Kopo, Gesi ya Mtungi

Msikilizaji, lengo la Serikali liko wazi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Je, wakazi wa Mbagala na Tandale, hapa Dar es Salaam, watafikaje huko?

Wanaoutetea mkakati huu wana hoja nzito: moshi unaumiza vifua vya akina mama na watoto, na misitu ya Pwani inateketea kwa ajili ya majiko ya jiji hili.

Lakini tugeukie upande wa pili. Mtungi wa kilo 6, hata ukitolewa kwa ruzuku, gesi yake huisha. Kuujaza kunataka hela kwa mkupuo, na mama ntilie huzipata kidogo kidogo. Ndiyo maana ananunua mkaa kwa kopo. Tena gesi asilia ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, ikaenda hasa kuzalisha umeme. Miaka yote hiyo, nyumba zilizounganishwa bomba la kupikia ni chache mno. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo pa kuanzia kuuliza.

Na yule muuza mkaa wa Temeke, anayesomesha watoto kwa makopo yale yale, mkakati umemtengea nafasi gani?