Samaki Wazaao Watoto Hai, na Namna ya Kuwafuga Nyumbani



Katika nyumba nyingi za Nairobi, tangu vyumba vya kupanga vya Kangemi na Kawangware hata majumba ya Lavington na Westlands, huonekana tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi. Mara nyingi mambo huanza hivi. Mtoto hupelekwa Bustani ya Nyoka, pale kilimani penye Makumbusho, akaona samaki katika matangi, akarudi nyumbani akimsihi baba yake. Baba hununua tangi Jumamosi asubuhi, adhuhuri amelijaza maji ya mfereji, na jioni amekwisha kutia samaki kumi na wawili. Haifiki Ijumaa ila wote wamekufa. Majirani husema ni baridi ya Nairobi.

Baridi husingiziwa. Kosa ni haraka. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia. Katika tangi lililokwisha kukaa, bakteria waishio katika mchanga na chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti huwa nitreti, isiyodhuru sana. Bakteria hao hawaji siku moja. Huchukua majuma manne hadi sita kuenea. Kwa hiyo imempasa mfugaji kuanza na samaki wawili au watatu tu, awalishe kidogo, na wengine wangoje. Akipewa na mfugaji mwenzake konzi ya mchanga uliolowa kutoka tangi la zamani, kungoja kwake kutapungua.

Maji nayo yana jambo lake. Maji ya mfereji, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, hutiwa klorini ili yasilete maradhi kwa watu; lakini klorini huunguza matamvua ya samaki. Yakikaa siku nzima katika ndoo iliyo wazi, klorini hutoka. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu, na wenyeji wamezoea kuweka akiba. Desturi hiyo ililetwa na dhiki, lakini samaki huifurahia. Kila juma robo ya maji yabadilishwe, wala si yote kwa mara moja.

Samaki wafaao kwa mwanafunzi wa kazi hii ni wale wasiotaga mayai bali wazaao watoto hai: gapi, plati, mkia-upanga na moli. Asili yao ni sehemu za joto za Amerika. Gapi alipata jina lake kwa Robert John Lechmere Guppy wa Trinidad, aliyepeleka samaki hao Makumbusho ya London. Mwaka 1866 wakaitwa kwa jina lake, ijapokuwa Wilhelm Peters wa Berlin alikuwa amekwisha kuwaeleza tangu 1859.

Katikati ya mji wa Nairobi ni mita 1,660 hivi juu ya bahari, na Dagoretti hukaribia 1,800. Usiku wa Julai hewa ya nje huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Ndani ya nyumba maji hayapoi kiasi hicho, na gapi, plati na mkia-upanga huvumilia nyuzi 18 kwa muda, ingawa hustawi zaidi kati ya 22 na 26. Moli ataka joto zaidi na maji yenye chokaa, basi aachwe mpaka mfugaji amepata uzoefu. Tangi lisiwekwe karibu na dirisha wala mlango. Umeme ukikatika usiku, lifunikwe blanketi ubavuni, na samaki wasilishwe mpaka urudi.

Sasa juu ya uzazi, ambao ndio furaha ya kazi hii na ndio mtego wake. Dume la gapi ni dogo, lina rangi nyingi, na pezi lake la chini limechongoka kama kijiti. Jike ni kubwa, na karibu na mkia tumboni ana doa jeusi, ambalo huzidi kukolea siku za kuzaa zikikaribia. Huzaa kila baada ya majuma manne hivi, pengine watoto ishirini, pengine zaidi ya hamsini. Tena huweza kuhifadhi mbegu ya dume mwilini kwa miezi kadhaa, hata akazaa mara nyingi pasipo kuliona dume tena. Mtu aliyenunua jike mmoja, na kumbeba katika chupa ya mdomo mpana, huenda amebeba ukoo mzima. Mama naye hula wanawe. Majani mengi ya majini huwapa vifaranga mahali pa kujificha. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54 tu, na baada ya miezi michache hujaa pomoni.

Hapo ndipo mtu hushawishika kwenda kuwamwaga mtoni. Mto Nairobi hutoka kinamasi cha Ondiri karibu na Kikuyu, hupita katikati ya jiji, huingia Athi, na mwisho maji yake hufika baharini karibu na Malindi. Kitu kikitiwa katika kijito cha Kawangware, hakuna awezaye kukiita kirudi. Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki mdogo mmoja tu wa asili. Mwaka 1929 watu walitia humo samaki mkubwa wa Marekani, mla wenzake, ili wapate mchezo wa kuvua. Kina cha ziwa nacho kikapanda na kushuka. Na yule mdogo alionekana kwa mara ya mwisho 1962.

Samaki waliozidi wapewe majirani, au shule, au warudishwe kwa muuzaji. Gapi wachache wafaa pia katika pipa la maji ya bustani lisilo na mfereji wa kutokea, kwa maana hula viluwiluwi vya mbu. Atakaye kusimamisha uzazi na awatenge madume wachanga mara vile vijiti vinapoanza kuonekana, kabla ya majuma manne hadi sita kupita. Lakini majike wakubwa wataendelea kuzaa kwa miezi kadhaa, basi asishangae.