Matairi Mawili, Safari Moja: Kuchagua Tairi na Fundi wa Pikipiki

Hotuba kwa wahudumu wa bodaboda, wenye pikipiki na abiria wa Sugoi, Kaunti ya Uasin Gishu

 

Kila mkazi wa hapa anajua kazi ya pikipiki. Asubuhi inapeleka mwanafunzi shuleni na maziwa sokoni. Mchana inatoa gunia la mahindi shambani. Usiku wa manane ndiyo inayoitwa mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Inatoka kwenye udongo wa vijijini na kuingia kwenye lami ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Webuye, ambako malori yanayoelekea Malaba hayapungui mchana wala usiku. Katika safari hizo zote, pikipiki inagusa ardhi mahali pawili tu, na kila mahali hapazidi upana wa kiganja cha mkono. Uhai wa mhudumu na abiria wake umekaa hapo.

Tairi la nyuma ndilo huisha kwanza, kwa sababu ndilo linalosukuma pikipiki na kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Likiisha, mhudumu mwenye mkopo wa kulipa hutafuta njia ya kupunguza gharama. Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kufunga nyuma tairi lililotengenezwa kwa ajili ya mbele. Ya pili ni kuhamishia mbele tairi kuukuu la nyuma, ili limalizie maisha yake huko. Ya tatu ni kuchanganya tairi la meno makubwa na lile la lami, bila kuangalia lipi liko wapi.

Kuchanganya kampuni mbili za matairi si kosa lenyewe. Hata pikipiki mpya hutoka kiwandani tairi la mbele na la nyuma yakiwa na michoro tofauti. Hatari huja pale ukubwa, uwezo wa kubeba na kiwango cha kuchakaa visipolingana na kazi ya gurudumu husika.

Chukua mfano wa ile njia ya kwanza. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Kando ya tairi kuna namba nyingine ndogo inayofuatwa na herufi, kwa mfano 41P au 50P. Namba hiyo hueleza uzito ambao tairi linaweza kubeba: 41 ni kilo 145, na 50 ni kilo 190. Tofauti ni kilo 45, yaani nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Anayefunga nyuma tairi la 41 badala ya la 50, kisha akapakia gunia zima, amelibebesha tairi kuliko uwezo wake kabla hata hajakutana na shimo.

Njia ya pili ina hatari kubwa zaidi. Pikipiki inapofunga breki, uzito husogea mbele, na tairi la mbele ndilo linaloamua kama itasimama au itateleza. Tairi la nyuma likiteleza kidogo, mhudumu mwenye uzoefu anaweza kuiweka sawa pikipiki. La mbele likiteleza kwenye lami iliyolowa, huanguka kabla mguu haujafika chini. Kwa hiyo tairi kipara halifai kupelekwa mbele. Likiisha, limeisha.

Kuhusu meno makubwa, yana faida yake msimu wa mvua, barabara za mashambani zinapogeuka matope. Lakini juu ya lami hushika kidogo, hasa kwenye kona. Mtu anayetumia nusu ya siku kwenye lami na nusu kwenye udongo anafaa kutafuta tairi la kati, lenye mitaro ya kutosha ya kutoa maji na matope, kisha afunge la aina hiyo mbele na nyuma.

Kabla ya kulipa, mnunuzi asome mambo manne kando ya tairi. Kwanza, ukubwa ulingane na ulioandikwa kwenye kijitabu cha pikipiki. Pili, namba ya uzito isiwe chini ya ile ya tairi la awali. Tatu, mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, na kama tairi ni la mbele au la nyuma. Nne, tarehe ya kutengenezwa, ambayo ni tarakimu nne: 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa miaka mingi dukani au juani linaweza kuonekana jipya, kumbe mpira umekauka. Tena, tairi jipya lipewe tyubu mpya ya ukubwa huohuo. Tyubu kubwa ndani ya tairi dogo hujikunja, na panapojikunja ndipo hupasuka.

Hata hivyo, tairi zuri likifungwa vibaya ni hasara. Hapo linakuja suala la fundi.

Pikipiki ikiwa bado kwenye waranti, mwenyewe asome masharti kabla ya kuipeleka popote. Mara nyingi huduma za mwanzo hutakiwa kufanywa na wakala wa kampuni, na gharama ya kwenda Eldoret ni ndogo kuliko ya kupoteza waranti. Muda huo ukiisha, fundi wa kituoni anaweza kutosha kabisa. Yuko karibu, anaijua barabara ya hapa, na akikosea anajulikana anakopatikana.

Fundi mzuri hutambulika kwa kazi yake. Huuliza pikipiki imetembea kilomita ngapi tangu huduma ya mwisho. Hupima upepo kwa geji, wala hatosheki kubonyeza tairi kwa dole gumba. Akifungua gurudumu la nyuma, huhakikisha alama za kurekebishia cheni ziko sawa pande zote mbili, kwa sababu gurudumu lililokaa upande hula tairi upande mmoja. Huacha cheni na ulegevu wake, hurudisha pini ya nati ya ekseli, na hujaribu breki kabla ya kukabidhi funguo. Spea aliyoitoa humwonyesha mwenyewe. Oili chafu huikusanya kwenye mtungi, haimwagi ardhini.

Kwa vijana wanaojifunza ufundi chini ya mti, ujuzi wao unaweza kupimwa na kupewa cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Cheti hicho humpa mteja imani, na humsaidia kijana kupata kazi nje ya kituo chake.

Mnunuzi naye ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Lakini haki hutetewa kwa ushahidi. Adai risiti, na aangalie alama ya ubora ya KEBS. Asiye na risiti hubaki na maneno tu.

Abiria pia wana sehemu yao. Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na inawataka yeye na mhudumu kuvaa kofia za usalama. Kabla ya kupanda, abiria anaweza kutupia macho matairi yote mawili. Akiona kipara, amwambie mhudumu kwa heshima, na asubiri pikipiki nyingine. Abiria kumi wakifanya hivyo, tairi litabadilishwa wiki hiyohiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mhudumu anayeahirisha kununua tairi anaona ameokoa pesa ya wiki moja. Akianguka, hulipa hospitali, hulipa fundi, na mkopo wa pikipiki huendelea kudai huku yeye amelala kitandani. Kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, kila mhudumu ainame dakika moja asome matairi yake.