Mgeni Asipokuja

Somo letu la leo ni habari ya kujiweka tayari.

Mwaka 2019 Tanzania ilipata watalii zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, nao wakapungua hata kufika kama 620,000. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwezi wa Aprili, zikaruhusiwa tena mwezi wa Mei. Lakini njia kufunguliwa si wageni kurudi. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro alikosa mzigo, na mkulima aliyeuza mboga hotelini alikosa mnunuzi.

Basi, tufanyeje? Kwanza, akiba haiozi. Chukua kalamu uandike: shilingi 1,000 kila siku ya kazi, kwa siku 100, ni shilingi ngapi? Ni shilingi 100,000. Hizo ni unga na dawa wakati wa shida. Pili, usiache shamba lako kwa sababu ya mshahara. Tatu, mwulize mkuu wako wa kazi: moto ukiwaka, wageni tuwakusanye wapi, na nani atawahesabu? Uliza leo, kabla ya moshi.

Kwaherini, hata juma lijalo.